Tangazo la Akiba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Redio alifanya kazi zake kwa mpangilio uleule. Aliwasha redio ndogo ya betri iliyokaa juu ya kabati, akafagia sebule, kisha akamwamsha mdogo wake. Baba yao alikuwa mwokaji mikate, na muda huo alikuwa ameshaondoka zamani.

Redio halikuwa jina lake. Wenzake walimbandika kwa sababu mama yake alikuwa mtangazaji wa kituo kidogo cha redio cha mtaani, na yeye mwenyewe alikuwa hodari wa kusema. Lakini tangu mama afariki, msimu wa mvua uliopita, maneno yalikuwa yamemwishia. "Vipi, Redio, betri zimekufa?" wenzake walimtania. Alitabasamu tu. Mdogo wake naye walimwita Kidole, maana alikuwa ameanza darasa la kwanza na bado hajaacha kunyonya kidole gumba.

Asubuhi hiyo Redio alikuta taa ya barazani inawaka ingawa kulikuwa kumeanza kupambazuka. Umeme ulikuwa umekatika walipokuwa wakienda kulala, na sasa ulikuwa umerudi. Akaiongeza redio sauti, akasimama karibu nayo na ufagio mkononi.

Saa kumi na mbili ilipogonga, wimbo wa kituo ulipigwa. Kisha kiti kikalia, karatasi ikachakarika, mtu akavuta pumzi. Aliijua pumzi ile.

"Hamjambo, wapendwa. Mafundi wamemaliza kazi. Maji ya bomba yamepimwa, na ni salama kwa kunywa. Nawatakia siku njema, na aliye kitandani aamke."

Ilikuwa sauti ya mama.

Haikuwa mara ya kwanza. Mara ya kwanza Redio alidhani anaota. Mara ya pili alimwaga ndoo ya maji sakafuni. Baadaye akagundua kwamba sauti ile huja tu asubuhi ambazo umeme ulikatika usiku, na siku nyingine anasikika kijana mtangazaji mpya, mwenye kukohoa kila baada ya sentensi. Hakumwambia mtu. Alihisi kwamba akisema tu, sauti itaondoka kama ndege aliyeshtuliwa. Akaanza kufurahi taa zinapozimika.

"Nimeamka!" Kidole alisema, akitoka chumbani huku anapikicha macho. Hakuna aliyemwamsha. Alikwenda moja kwa moja kwenye ndoo, akachota kikombe cha maji.

"Usinywe hayo," Redio alisema. "Hayajachemshwa. Juzi mtangazaji alisema bomba limepasuka karibu na mfereji wa maji machafu."

"Lakini Mama amesema ni salama. Hukumsikia?"

Redio alifungua kinywa. Ili amkataze, ilimbidi aseme kwamba Mama amekosea. Na ili aseme hivyo, ilimbidi aseme kwamba yule si Mama, kwamba Mama hayupo kaburini wala studioni wala mahali popote ambapo mtu anaweza kumfuata. Akainamia ufagio wake. Kidole akanywa kikombe chote, akajifuta mdomo kwa mkono.

Kesho yake mtoto hakuweza kusimama. Alitapika na kuharisha hadi macho yakaingia ndani. Baba alimbeba mgongoni hadi zahanati, Redio akifuata nyuma na nguo za kubadilisha.

Benchi la zahanati lilikuwa limejaa. Jirani yao, Mama Mapacha, alikuwa amewapakata wanawe wote wawili, mmoja kila goti, wamelegea kama vitambaa vilivyolowa.

Muuguzi alimpa Kidole maji yenye dawa ya chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko. "Jamani, hamna redio majumbani mwenu?" aliuliza kwa uchovu. "Si imetangazwa mchemshe maji?"

"Tunazo," Mama Mapacha alijibu. "Jana ilisema ni salama. Alisema marehemu mwenyewe, mama yake huyu binti. Niliisikia kwa masikio yangu haya."

"Marehemu katangaza?" Muuguzi akatikisa kichwa. "Mama, huna usingizi wa kutosha. Mlezi wa mapacha atasikia mengi."

Watu wawili watatu wakacheka kidogo. Mama Mapacha akainamisha uso. Redio alimtazama, akaitazama midomo mikavu ya Kidole. Kumbe hakuwa akisikia peke yake. Na kama wengine wanasikia, basi wengine pia wanakunywa.

Akamvuta Baba mkono wa shati. "Baba, Mama Mapacha hasemi uongo. Na mimi nimemsikia."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizosema wiki ile. Baba aliketi chini kando yake. "Sema yote," alimwambia, na Redio akasema yote.

Kidole alipopata nafuu kidogo wakamwacha mikononi mwa muuguzi, wakaenda kituoni. Kilikuwa nyumba yenye vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Kwenye dirisha la studio kikombe cha mama kilikuwa bado kipo, kimetiwa kalamu. Ndani walimkuta Mtangazaji pamoja na Fundi, mwanamke aliyeshughulikia kompyuta za kituo na aliyekuwa rafiki mkubwa wa mama. Redio alimwita mama mdogo.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mbona nyuso hizo?"

Baba alieleza. Mtangazaji alikunja uso hata kabla hajamaliza. "Mzee wangu, na wewe? Huku mtaani kila siku naambiwa, 'Leo marehemu katangaza, ametupa raha.' Najua sauti yangu haina asali, lakini dhihaka nayo ina mwisho wake. Tangazo nalirekodi mimi jioni, na asubuhi linajirusha lenyewe. Sikiliza." Akabonyeza kitufe. Sauti yake ikasema maji yachemshwe, ikakohoa. "Umesikia? Liko sawasawa."

"Liko sawa sasa," Redio alisema kwa sauti ndogo. "Ni asubuhi zile tu ambazo umeme ulikatika usiku."

Fundi aliyekuwa ameinama juu ya nyaya akainuka. "Hebu rudia, mwanangu."

Redio akarudia. Fundi aliizima kompyuta ya studio, akaiwasha tena. Ilipodai nenosiri, Mtangazaji alinyoosha mkono kuandika, lakini Fundi akamzuia. "Usiguse. Iache kama inavyokuwa alfajiri, peke yake." Akakata waya wa kwenda mtamboni ili jaribio lisitoke nje, kisha kwa kompyuta yake mwenyewe akaiagiza programu irushe tangazo la asubuhi.

Kiti kikalia. Karatasi ikachakarika.

"Hamjambo, wapendwa..."

Sauti ilijaa chumba. Mtangazaji alivua kofia yake. Baba aliweka kiganja ukutani, kama mtu anayehofia nyumba itaanguka, akabaki hivyo hadi neno la mwisho.

"Sikuwahi kumsikia," alisema polepole. "Mimi naondoka mapema."

Fundi alifuta macho kwa nyuma ya mkono, halafu akaeleza. "Matangazo yote yanakaa kwenye seva, ile kompyuta kubwa ya chumba cha pili ambayo nyingine zote zinaazima vitu kwake. Hii ya studio inaifikia seva kwa njia ya mkato. Tumeipa herufi moja, T. Lakini T hiyo ni ya mtu, si ya kompyuta. Mtangazaji akiingia kwa nenosiri lake, T inakuja naye. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta inajiwasha, programu inaanza, ila hakuna mtu aliyeingia. Programu inaitafuta T, haioni. Inachukua kilicho karibu nayo, tangazo la akiba."

"Na akiba hiyo aliiweka nani?" Baba aliuliza.

"Yeye mwenyewe. Alikuwa hapendi watu wawashe redio wakute kimya. Aliniambia, 'Niwekee hili, liwasaidie siku mambo yakiharibika.' Wakati ule maji yalikuwa salama kweli. Nami nilisahau kulitoa." Akashusha pumzi. "Asubuhi Mtangazaji akija kazini anaingiza nenosiri, kila kitu kinakaa sawa. Ndiyo maana hatukuona."

"Sasa dawa yake?" Mtangazaji aliuliza, kofia bado mkononi.

"Ni kuacha herufi na kuandika njia kamili. Ukimwelekeza mgeni kwamba nyumba iko mkono wako wa kulia, ukishaondoka atafikaje? Mpe jina la mtaa na la nyumba, atafika hata usipokuwepo. Nitaandika jina la seva, na jina la folda yenye matangazo. Tena nitaipa programu ruhusa yake yenyewe, isisubiri mtu aamke." Akamgeukia Redio, akachuchumaa mbele yake. "Lakini nikishamaliza, na akiba hii nikaitoa, hatasema tena alfajiri. Hata umeme ukatike mara ngapi. Unanielewa?"

Redio alielewa. Alikuwa ameelewa tangu kwenye benchi la zahanati. Alitazama kikombe cha kalamu dirishani. Baba hakumsemea.

"Itoe, mama mdogo," alisema. "Watu wanakunywa."

Mtangazaji hakungoja. Alirudisha waya, akaingia hewani papo hapo, akawaambia watu kwamba tangazo la jana lilikuwa la zamani, wachemshe maji, na anayeumwa apelekwe zahanati upesi. Aliomba radhi kwa Mama Mapacha na kwa wote waliosema kweli wakachekwa. Safari hii hakukohoa hata mara moja.

Fundi alibadilisha mistari ya maagizo ya programu mmoja mmoja, akiizima kompyuta na kuiwasha kila mara bila nenosiri, hadi programu ikachota tangazo jipya bila kumtegemea mtu. Akiba mpya ilikuwa fupi: tangazo la leo halijapatikana, tafadhali subirini. Sauti ya mama hakuifuta. Aliihamishia kwenye folda ya kumbukumbu, akaiandikia tarehe yake, akampa Redio nakala.

Njiani kurudi zahanati, Redio alisema, "Baba, nilijua muda mrefu. Nilinyamaza."

"Najua." Baba akamshika mkono. "Na mimi ningejua, labda ningenyamaza vilevile. Lakini mama yako hakuwahi kusoma tangazo bila kuuliza mara mbili kama ni kweli. Tukimwacha aendelee kusema jambo lisilo kweli kwa sababu tu tunampenda, tunamwonea, maana hawezi tena kujisahihisha. Ukiona jambo linadhuru watu, liseme, hata kama kulisema kunakunyang'anya kitu. Leo umesema. Angekusikia angefurahi."

Kidole alirudi nyumbani akiwa mwembamba na mwenye njaa kama jeshi. Mapacha nao walipona.

Siku chache baadaye umeme ulikatika tena usiku. Asubuhi taa ya barazani iliwaka ingawa kulikuwa kumeanza kupambazuka, na Redio akasimama karibu na kabati kwa mazoea, ingawa alijua. Wimbo ukapigwa. Hakuna kiti kilicholia. Mtangazaji akakohoa, akasema bomba linatengenezwa, endeleeni kuchemsha maji.

Chumbani Kidole alikuwa macho, amejifunika shuka hadi puani, anangoja.

"Dada, Mama hasemi leo?"

"Hasemi. Mama alifariki, Kidole. Ile ilikuwa sauti yake ya zamani. Jioni tutaisikiliza pamoja na Baba."

Kidole alifikiri, kidole mdomoni. Hakuinuka.

Redio akaenda jikoni, akabandika sufuria ya maji na kungoja hadi yachemke kweli, mapovu juu. Kisha akarudi mlangoni mwa chumba, akavuta pumzi.

"Hamjambo, wapendwa," alisema. "Maji yamechemka. Na aliye kitandani aamke."

Shuka likatikisika. Mguu mmoja mwembamba ukatoka.