Betri ya Kumi na Tano

Betri zilikuwa kumi na mbili rafuni, Fundi alizihesabu mwenyewe, lakini kompyuta iliandika: Betri ya kumi na tatu, inapimwa.

Palepale saa ya ukutani ikanyamaza.

"Saa yako imekata roho," alisema baba mkwe wake, mwenye karakana, macho yakiwa gazetini.

"Nitaitia betri, baba."

Kazi ya mashine ya kupimia betri ni kuinyonya kila moja mpaka ikauke, ijulikane inashika umeme kiasi gani. Zamani Fundi aliibonyeza kwa mkono. Asubuhi hiyo aliiunga na kompyuta kwa waya, akaiandikia amri: nyonya, ikiisha, nenda inayofuata. Pa kuishia hakuandika. Alikuwa na haraka, na mzee alipomuuliza kama ameikagua programu, aliitikia ndiyo, naye hajaisoma hata mstari. Mungu amsamehe.

Betri ya kumi na nne. Simu ikazima mfukoni mwake, ikawa baridi kama barafu. Feni ya mashine sasa haikupuliza, ilivuta pumzi, na harufu ya nywele zilizoungua ikatanda chumbani.

Akaandika: Simama.

Ikajibu: Nani anasema?

Akachomoa waya. Maandishi yakaendelea: Betri ya kumi na tano, volti mbili nukta nane. Akawa anajiuliza ni betri gani hiyo, alipogeuka akamwona mzee ameangusha gazeti na kushika kifua, pale penye kidude alichopandikizwa hospitali ili moyo usisahau kudunda, na volti zikashuka, nukta saba, nukta sita, midomo ya mzee ikageuka rangi ya majivu, na Fundi akasoma kila dua aliyoijua huku akikosea maneno, akazima swichi ya ukutani, na mashine isiyo na umeme ikazidi kunyonya kwa sauti, kama mtoto mwenye njaa.

"Mkwe," mzee alinong'ona, "umemwambia nani aendelee?"

"Sikuikagua, baba. Nilikudanganya. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Mtoe!"

Kumtoa hakujua. Alichojua ni amri aliyoiandika mwenyewe. Akavishika vibanio viwili vya mashine, vile vinavyoshika betri, kimoja kila mkono.

"Inayofuata ni mimi," alisema. "Mwache mzee. Njoo kwangu."

Baridi ikampanda mpaka mabegani. Nyuma yake mzee akavuta pumzi ndefu, akakohoa, akamtaja Mungu. Mashine ikatulia kimya.

Kwenye skrini: Betri ya kumi na sita, imepimwa. Zimebaki siku. Na mbele yake namba, ambayo Fundi aliisoma mara moja tu, akafunika kompyuta.

"Imeandika nini?"

"Hakuna kitu, baba." Ukawa uongo wa pili siku hiyo.

Hakunawa hata mikono. Alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake, ambaye alikuwa hajasemezana naye miaka minne kwa ugomvi alioanzisha yeye Fundi.

"Leo umekumbuka njia?" kaka alinuna mlangoni. "Nina wageni. Njoo Ijumaa tuzungumze."

Fundi akaushika mlango usifungwe.

"Kaka," alisema, "Ijumaa ni mbali."