Kiti Hakijafunguliwa

Kila siku ya kupeleka vifaranga kwa wateja, nyumba yao ilijaa kelele kabla chai haijachemka. Mama alikuwa ameinama kwenye mashine ya kutotoleshea, lile kabati pana la bati lililopasha mayai joto katika chumba cha nyuma, akitoa vifaranga kwa viganja. Binti yake alivipokea na kuvipanga kwenye maboksi yenye matundu. Binti huyo aliitwa Kibiriti. Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini tangu akiwa mdogo alikuwa mwepesi wa kuwaka. Mama alimwita hivyo siku moja kwa utani, na jina likamganda.

"Usivibane hivyo, mwanangu. Navyo vinahitaji kupumua."

"Sivibani, Mama. Vyenyewe vinapenda kubanana."

Maboksi yalipakiwa kwenye kiti cha nyuma cha gari, moja juu ya jingine hadi dirishani. Lilikuwa gari la haibridi, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme zinazosaidiana. Mama alikuwa amelinunua likiwa limeshatumika, na alilisifu kila mahali alipofika. Mteja akimuuliza habari za gari, alijibu, "Hili halili mafuta. Natia kidogo, nasahau!" Na kweli alisahau. Alilipeleka kuoshwa, alijaza upepo magurudumu, basi.

Asubuhi hiyo walikuwa wakipanda mlima kuelekea kwa mteja wa kwanza. Ghafla feni iliyokuwa nyuma ya kiti ikaanza kunguruma kama mashine ya kusaga. Taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi. Gari likapoteza nguvu, likajikokota hadi pembeni ya barabara, likagoma kabisa. Jua lilikuwa limeanza kuchoma. Vifaranga vililia, Mama akavifungulia madirisha yote, akawapigia simu wateja mmoja mmoja kuwaomba radhi na kuwasihi waje kuvichukua palepale barabarani.

Gari lilikokotwa hadi kwenye gereji kubwa iliyokuwa karibu. Mwenye gereji alikuwa mtu nadhifu, kalamu sikioni, na wote pale walimwita Daktari kwa sababu ubao wake getini uliandikwa "Daktari wa Magari ya Umeme". Aliwaambia waliache, warudi kesho yake. Waliporudi, aliwapokea kwa sura ya msiba.

"Pole sana, mama. Betri kubwa imekufa. Nimetoa kiti chote cha nyuma, nimeifikia, nimeipima kwa mikono yangu hii. Haifai hata kidogo. Ni kununua mpya."

Alipotaja bei, Mama alishika ukuta. Ilikaribia nusu ya fedha alizonunulia gari lenyewe.

"Hakuna njia nyingine, fundi?"

"Haibridi ndivyo zilivyo. Zinakuwekea akiba kwenye mafuta, halafu zinaidai yote kwa mpigo." Akacheka peke yake. "Na ile betri mbovu utaniachia hapa. Ina sumu, nitakusaidia kuitupa."

Walirudi nyumbani kwa miguu. Mama alivua viatu mlangoni. Kisha akampigia simu jirani yao mwenye duka, ambaye siku nyingi alikuwa akiitamani ile mashine ya kutotoleshea, akamwambia kwamba yuko tayari kuiuza.

Kibiriti alihisi masikio yakimchemka. "Mama! Unauza mashine, halafu hilo gari tutabebea nini? Mawe?"

"Bila gari sifiki kwa wateja."

"Na bila mashine huna cha kuwapelekea!"

"Punguza sauti, Kibiriti. Mashine nitanunua nyingine Mungu akijalia." Lakini mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya lile kabati la bati, kiganja juu ya mlango wake wenye joto, na ndani mlikuwa na mayai ambayo hayajafikia siku zake.

Kesho yake, baada ya masomo, Kibiriti alitumwa gereji kuchukua maboksi matupu yaliyobaki garini. Alilikuta gari limeegeshwa kwenye kona, lina vumbi. Akafungua mlango wa nyuma, akaanza kuyatoa maboksi. Alipoinua la mwisho, mkono wake ukasimama hewani.

Kiti kile kilikuwa na kitambaa cha maua ambacho Mama alikishona mwenyewe ili vifaranga visichafue ngozi ya kiti. Ili kisitelezeteleze, alikuwa amekifunga kwa uzi mwekundu, akaupitisha chini ya kiti na kuukaza kwenye vyuma vya sakafuni. Ule uzi ulikuwa vilevile. Mafundo ya Mama yalikuwa vilevile. Hata mtama uliomwagika kati ya kiti na sakafu ulikuwa haujaguswa.

Nimetoa kiti chote cha nyuma. Ndivyo alivyosema, tena kwa sura ya msiba!

Kibiriti aliyaweka maboksi chini, akaenda moja kwa moja hadi mezani kwa Daktari.

"Shikamoo. Fundi, kile kiti cha gari letu ulikitoa lini?"

"Marahaba. Juzi, siku mliyolileta. Kwani?"

"Mbona uzi wa Mama haujakatwa?"

Mafundi wawili waliokuwa chini ya lori waliacha kugonga. Daktari alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "We mtoto, umeanza lini kukagua mafundi? Chukua maboksi yako, nenda kacheze."

"Sikuja kucheza! Mama anauza mashine yake kwa sababu ya maneno yako!"

"Toka!" Daktari akamwonyesha geti kwa kidole.

Alifika nyumbani akihema, akasimulia yote kwa pumzi moja. Mama alikunja uso. "Umemjibu mtu mzima hivyo? Mbele ya watu?"

"Mama, uzi haujakatwa."

"Nilikufundisha hivyo mimi? Kupandishia wakubwa sauti..." Akauweka chini ungo wa mtama aliokuwa akiupepeta. "Uzi gani?"

"Ule mwekundu. Wa kitambaa cha maua."

Mama aliufunika ungo wa mtama taratibu. Kisha akachukua mtandio wake. "Twende."

Gereji ilikuwa na wateja kadhaa waliokaa kwenye benchi. Mama aliwasalimia wote, akamsalimia na Daktari, kwa upole uleule wa siku zote. Akaufungua mlango wa gari, akauvuta ule uzi kwa kidole hadi ukalia kama uzi wa zeze.

"Fundi, naomba unionyeshe ulikopitia kuifikia betri."

"Aa, kuna njia ya kupitia buti, mama."

"Jana uliniambia umetoa kiti."

"Nilisema? Magari ni mengi hapa, mtu huchanganya. Cha msingi betri imekufa. Kama huniamini, lipa gharama za kupima, uchukue gari lako."

Hapo Kibiriti akamwona mama yake asiyemjua. Mtandio ulimteleza begani, hakuujali.

"Nikulipe kwa kupima kitu ambacho hukukigusa? Nilikuwa naiuza riziki yangu, fundi! Nilikuwa namng'olea mwanangu tonge mdomoni nikuletee wewe, na hata kuinama hukuinama! Ungenidanganya kwa jasho basi, nami ningesema angalau amefanya kazi!"

Mtu mmoja kwenye benchi aliguna. Mwingine, mzee mwenye miwani na gari la haibridi kama lao, alisimama. "Hata langu limeambiwa betri imekufa. Hebu tuanze na langu. Lifunguliwe hapahapa, nikiona."

"Na langu pia lifunguliwe," alidakia mama mmoja, "nililipa mwezi uliopita."

Daktari alitazama huku na huku akitafuta sura moja ya kumtetea. Hata mafundi wake waliinamisha vichwa. Mwishowe akautupa ufunguo wa Mama juu ya meza. "Chukueni! Mnanipotezea muda." Lakini wenye magari mengine hawakuondoka. Mama na Kibiriti walipokuwa wakifunga kamba ya kukokotea gari, yule mzee alikuwa bado amesimama palepale, anadai spana ishikwe.

Mteja mmoja wa vifaranga, dereva wa teksi ya haibridi, aliwaelekeza kwa fundi mwanamke mwenye karakana ndogo nyuma ya kituo cha mafuta. Huyu hakutaja betri wala bei. Alimpa Mama mkasi.

"Kata uzi wako mwenyewe, dada. Na msiondoke. Nataka muone ninachokiona."

Kiti kilitoka. Pembeni mwa mahali kilipokaa palikuwa na kidirisha cha plastiki chenye matundu, na fundi akaeleza kwamba hapo ndipo feni inapovutia hewa ya kuipoza betri. Alipokitoa kidirisha na kuchomoa chujio, Kibiriti aliziba mdomo. Chujio halikuonekana. Palikuwa na donge nene la manyoya laini ya manjano, limeshikamana na vumbi kama mto wa kulalia.

"Salale!" fundi alisema. "Mna vifaranga vingine vinaishi humu?"

Mama alicheka hadi akafuta machozi. Lakini fundi aliacha kucheka kabla yake. "Tangu ununue gari hili, chujio hili limesafishwa lini?"

"Chujio gani? Sikujua hata kama lipo."

"Hapo ndipo mnaponiudhi! Mtu ananunua haibridi, anafurahia mafuta, halafu anadhani gari halina haja nyingine. Betri imepikwa kwa joto miezi na miezi. Na nani alikuwa anapanga mizigo hapa, anaziba matundu?"

Kibiriti angeweza kunyamaza. Mama mwenyewe hakuwa akimtazama. "Ni mimi," alisema. "Maboksi ninayapanga mimi. Nilikuwa nayabana hapo hapo."

"Umesema kweli, asante. Sasa utajua pa kuyaweka."

Fundi aliipima betri kipande kwa kipande, akiwasomea kila namba. Karibu vipande vyote vilikuwa vizima. Kimoja kilikuwa kimechoka kwa joto, akakibadilisha, akaisafisha feni na kuweka chujio jipya. Malipo hayakuwa kidogo; Mama aliguna alipoyasikia. Lakini yalilipika kwa mauzo ya vifaranga ya siku chache, na kile kipande kibovu fundi alimkabidhi mkononi kisha akamweleza pa kukipeleka salama.

Mama alipiga simu papo hapo. "Jirani, nisamehe. Mashine siuzi tena."

Jioni walirudi nyumbani gari likienda kimyakimya. Kibiriti bado alikuwa na moto. "Mama, yule Daktari ameshindwa. Nilimweza!"

"Ulikuwa na haki ya kukasirika," Mama alisema. "Nami nilikosea kukukemea kabla ya kukusikiliza. Lakini si ukali wako ulioiokoa mashine, mwanangu. Ulitazama. Mimi nilipewa bei, nikashika ukuta, nikaanza kutafuta cha kuuza. Wewe uliangalia kiti. Yule mtu alitegemea kwamba hatutaangalia, na kwa kweli hata mimi nilikuwa siangalii. Angejua natunza gari langu, angenidanganya kwa taabu sana."

"Kwa hiyo kosa ni letu?"

"Wizi ni wake, wala usiuhamishe. Uzembe ulikuwa wangu. Kila mtu abebe chake. Anayetunza kitu chake hukijua, na anayekijua hadanganyiki hovyo. Na mtu akikuambia amefanya kazi, mwambie kwa adabu: nionyeshe."

Kibiriti alirudia neno hilo kimoyomoyo. Nionyeshe. Kisha akageuka, akaliondoa begi lake la shule lililokuwa limeegemea kidirisha cha plastiki, akaliweka mapajani.