Fundi Aliyekataa Kupanda Mabati

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi rudi ulikotoka."

Mwihaki alikuwa amesimama kwenye geti la kwao, nje kidogo ya mji wa Kitale, ameshika kufuli kama mtu anayepanga kulirusha. Mbele yake kulikuwa na pikapu iliyojaa bodi za jipsam za dari, na kando ya pikapu alisimama Mukhisa, mwanamume ambaye Mwihaki aliwahi kumpenda mpaka chakula kikamshinda. Hakuwa amekonda wala kuzeeka, na hilo lilimuudhi zaidi.

"Nimeitwa na mwenye nyumba," Mukhisa alisema. "Sikujua ni kwenu."

Kabla Mwihaki hajamjibu, mama yake, Gladwell, alitokea akiuliza mbona fundi anawekwa nje kama mwizi. Namba ya fundi alipewa na akina mama wa kanisani, waliosifu dari, silingi kama walivyoiita, aliyoweka kwa mchungaji mmoja kule Bungoma. Gladwell hakuwahi kumtia machoni Mukhisa. Alichosema siku zote ni kwamba zamani binti yake alizuzuliwa na kijana fulani wa Mabanga, huko huko Bungoma, na kwamba Mungu alisaidia mambo yakaisha.

Mwihaki angeweza kusema pale pale kwamba ndiye huyo. Badala yake alifungua geti. Mvua ilikuwa imeangusha nusu ya dari ya sebuleni, na Jumamosi watu wa Kiarie walikuwa wanakuja kuanza mazungumzo ya mahari. Kiarie alikuwa na duka la dawa za mifugo Endebess, mtu mpole, na Gladwell alishamwita mwanangu mbele ya kanisa zima. Fundi mwingine angepatikana wapi wiki hiyo? Na zaidi ya yote, Mwihaki aliona aibu. Miaka miwili nyuma Mukhisa aliahidi kuleta wazee wake. Mwihaki akapika, akaita majirani, akavaa nguo mpya, akakaa. Hata paka wa Mabanga hakutokea. Jioni akamtumia ujumbe mmoja, akaifuta namba, na akalia mpaka macho yakakataa kufunguka.

Basi fundi akaingia, na kwa siku zilizofuata Mwihaki alimwonyesha cha mtema kuni. Alimpa chai isiyo na sukari. Mukhisa akanywa yote na kushukuru. Mwihaki alipita chini ya kila kiungo cha bodi akisema hapa pamepinda, hapa panaonekana, huku akijua wazi kwamba hapakuwa na kasoro. Mukhisa, mweupe kwa vumbi la jipsam kichwa hadi viatu, alishuka ngazi, akasugua upya, akapanda tena.

Mara moja tu alisimamisha kazi. Kuku kishingo wa Gladwell, yule mwenye shingo isiyo na manyoya na asiye na kidole kimoja cha mguu, aliingia sebuleni na kuanza kudonoa turubai. Mukhisa alimkodolea macho mpaka msumeno ukamponyoka mkononi.

"Hata kuku wetu unamwangalia vibaya?" Mwihaki aliuliza.

Mukhisa aliokota msumeno wake, akapanda tena ngazi.

Alhamisi mvua ilirudi. Maji yalipenya kwenye bati lililotoboka na kuchora doa la rangi ya chai katikati ya dari mpya. Gladwell alitoka jikoni akiwa amepandwa na hasira.

"Ngazi ndiyo hiyo," alimwambia fundi. "Panda uzibe hilo shimo. Ukishuka uingie chumbani kwangu, silingi ya huko pia imelegea."

"Mama, mabati atapanda mwenzangu, Kipyegon. Anakuja kesho. Na chumbani pia ataingia yeye."

"Kwani wewe hiyo miguu umeazima?"

"Hapana, mama. Lakini sitapanda."

"Ati fundi wa silingi anaogopa mabati. Nani alinidanganya nikuite?"

"Mwache, Mami," Mwihaki alidakia, na sauti yake ilikuwa na sumu ya miaka miwili. "Huyu ndivyo alivyo. Anaahidi, halafu siku ikifika haonekani. Usimngoje. Mimi nilimngoja na nikaaibika."

Gladwell aligeuka. Alimtazama binti yake, kisha fundi, kisha binti yake tena.

Mukhisa aliweka mwiko chini taratibu. "Kwetu," alisema, "mwanamume hapandi juu ya nyumba ya mama mkwe. Wala haingii chumba anacholala. Hata kama nyumba inavuja."

"Mkwe?" Gladwell alisema. "Mkwe wa nani? Wewe ni nani?"

"Naitwa Mukhisa. Natoka Mabanga."

Mama akatafuta kiti kwa mkono, bila kuangalia, akakaa juu ya ndoo ya chokaa.

Mwihaki ndiye aliyelipuka. Ukwe gani huo, aliuliza, wa mtu ambaye hakuleta hata mjumbe mmoja kwao?

"Nilimtuma shangazi yangu Nasimiyu kwanza, aulizie wazee watapokelewa saa ngapi," Mukhisa alisema. "Alirudi akilia. Aliambiwa umekataa, umepata mtu wa kabila lako, na nisithubutu kukanyaga hapa. Sikuamini, Mwihaki. Halafu jioni ya ile siku nikapata meseji yako."

"Meseji gani?"

"'Kaa huko kwenu Mabanga. Usinitafute tena maishani.'"

Maneno yalikuwa yake, neno kwa neno. Aliyaandika kwa hasira ya kuachwa, na Mukhisa akayasoma kama muhuri wa kukataliwa. Mwihaki akamgeukia mama yake.

"Mami?"

Gladwell alitazama sakafu. "Baba yako alikuwa ameshakufa," alisema hatimaye. "Nani angekuchagulia? Nilikusemea mbele ya huyo shangazi."

"Ulisimama jikoni ukaniona nikipika."

Mama akamrukia fundi. "Na wewe, kama uliambiwa umekataliwa, huo ukwe unautoa wapi?"

"Kwa kuku."

"Kuku?"

"Shangazi alileta kuku, huyo huyo kishingo asiye na kidole. Kwetu ukikataa mtu, unarudisha kuku wake. Mlimpokea na hamkumrudisha. Nilidhani mlishamchinja. Kumbe anataga."

Mwihaki akatazama uani. Kuku kishingo alikuwa anachakura matope bila habari. Mama alikuwa amemwambia kwamba alimnunua sokoni. Kwa miaka miwili Mwihaki ndiye aliyemtupia mahindi asubuhi, na mayai yake ndiyo aliyomkaangia Kiarie kila alipokuja kunywa chai.

Gladwell alisimama, ukali umemrudia usoni. "Kumbe tatizo ni kuku tu? Mwihaki, mkamate umpe, aende naye. Tumemalizana."

Mwihaki akatoka. Kuku hakumkimbia. Alimbeba kwapani, akaja naye mpaka mbele ya Mukhisa, na mwanamume huyo akanyoosha mikono kumpokea, uso wake umekuwa wa majivu.

"Na wewe," Mwihaki akamwambia, "miaka miwili umeshikilia habari ya kuku. Kuja kuniuliza mimi kwa mdomo wako kulikushinda?"

"Nilikosea."

"Ulikosea sana. Sijakusamehe."

"Najua."

Kisha akageuka, kuku bado yuko kwapani mwake, akaenda bandani, akamwingiza kuku, akafunga komeo. Pale pale akatoa simu, akampigia Kiarie. Alimwomba msamaha, akamwambia asilete watu Jumamosi wala siku nyingine. Kiarie, maskini, aliuliza kama ni kwa sababu silingi haijaisha.

"Silingi imeisha," Mwihaki alisema. "Ni mimi siwezi."

Gladwell alikuwa mlangoni, mikono kichwani. "Utaniaibisha mbele ya kanisa lote, Mwihaki."

"Mimi nilishaaibishwa, Mami, na sufuria nikaziosha mwenyewe."

Mawingu yalikuwa yanajikusanya tena upande wa Mlima Elgon. Mukhisa alikuwa bado amesimama chini ya ngazi, hajui kama anafukuzwa au la. Mwihaki alipita karibu naye bila kumwangalia usoni.

"Hiyo ngazi iache," alisema. "Mpigie Kipyegon aje leo. Nyumba ya mama mkwe wako inavuja."