Sufuria Iliyorudi Imejaa

Riziki alimjua Stanislas kwa ugomvi. Treni ya kutoka Lubumbashi ilikuwa imechelewa hadi watu wakachoka kuiulizia, na ilipoingia Kamina kituo kizima kikawa vurugu tupu. Akina mama walivuta mifuko kupitia madirishani, kuku walilia, polisi walipuliza filimbi ambazo hakuna aliyezisikiliza. Riziki alikuwa amejitanda mtandio wa samawati na kujifunga liputa lenye picha za kasuku, amekuja kupokea robota la vitambaa vya baba yake. Aligeuka kidogo tu kumsalimu jirani. Alipotazama tena, robota liko juu ya pikipiki, na kijana mrefu mwenye miwani myeusi analifunga kwa kamba ya mpira.

"Ile robota ni yangu," Riziki akasema.

"Hapana, mama. Ni ya kiliya yangu, papa moja wa Kaniama aliyenituma."

"Papa yako wa Kaniama anaitwa Ismaeli? Soma pale."

Kijana akavua miwani, akasoma jina lililoandikwa kwa rangi nyekundu, akajikuna kichwa.

"Alors, nilikosea robota. Lakini sikukosea muntu. Panda, nakufikisha ku soko."

"Minyi na weye tunajuana wapi?"

"Tunaanza sasa. Minyi Nyembo Stanislas. Bantu bananiita Stani."

Riziki alitaka kununa, akashindwa, akapanda. Njia nzima alikuwa anajiambia kwamba ni kwa sababu ya jua kali tu.

Basi ikawa hivyo. Kila adhuhuri simu ya Riziki ilikuwa inalia pale dukani kwa baba yake, naye hutoka nje na kujifanya anaangalia mvua.

"Chérie, umekula?"

"Nimekula. Na weye?"

"Minyi nakula vumbi ya barabara. Ukinioa, utanipikia?"

"Mwanaume haolewi, Stani."

"Minyi nitaolewa. Sina haya."

Hakuna aliyejua, wala mzee Ismaeli hakujua. Mzee alikuwa mfanyabiashara wa ukoo wa Maniema, mtu wa msikiti na wa neno moja, na binti yake kupendana na Mkatoliki mwendesha pikipiki ni jambo ambalo hakuwahi hata kuliota. Kazi ya kijana, hata hivyo, aliipenda, mpaka akawa anampa mizigo ya kupeleka Kaniama. Siku moja Stani akarudi kwa miguu, shati limechanika, anasema watu wenye bunduki walimvizia porini wakachukua vitambaa na pikipiki. Mzee Ismaeli alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaenda kumshitaki kwamba ameiba mzigo mwenyewe. Stani akatiwa gerezani kumngoja hakimu, na hakimu hakuonyesha dalili ya kuwa na haraka.

Pale gerezani mfungwa hula kinachotoka kwao. Asiye na mtu wa kumletea hubaki akitazama midomo ya wenzake. Na mlangoni kuna sheria ambayo kila mwanamke wa Kamina anaijua: aliyeleta chakula anakionja mwenyewe mbele ya mlinzi, ndipo kinapita. Tena siku za kazi huruhusiwa ndugu peke yao. Kwa hiyo Riziki aliuficha mtandio ndani ya kikapu, akajifunga kilemba kama wasichana wa parokia, akajiita Bibiche, binamu ya mfungwa. Kama angetaja jina lake la kweli, habari zingemfikia baba yake kabla hajavuka barabara.

Mlinzi Kabamba, mzee mwenye tumbo na sauti nzito, alimzoea upesi.

"Mama Bibiche, onja kwanza."

Riziki alikuwa anamega tonge la bukari, ule ugali wa kwao, anachovya katika mchuzi wa samaki, anakula taratibu huku Kabamba akimeza mate. Kisha aliruhusiwa kuketi na Stani kwenye benchi uani.

"Cousine yangu," Stani alikuwa anamnong'oneza, "ku kwetu cousine haimuangaliake muntu ivi."

"Angalia samaki, usiniangalie minyi."

"Samaki haina macho kama yako."

Alikuwa amekonda, lakini meno yake yalikuwa yale yale, na Riziki alirudi nyumbani akitabasamu peke yake barabarani.

Mwezi wa Ramadhani ukaandama. Riziki alifunga kama alivyofunga tangu utotoni, akapika bila kuonja chumvi, akabeba sufuria adhuhuri kama kawaida. Kabamba alikuwa na mapumziko siku hiyo, na mlangoni alisimama mlinzi mwingine, kijana asiyemjua.

"Onja kwanza."

Kama Riziki angesema amefunga, mlinzi angeuliza Bibiche wa parokia anafunga Ramadhani tangu lini. Kutoka hapo kufika kwa mzee Ismaeli ilikuwa hatua fupi sana.

"Leo siwezi," akasema. "Tumbo inaniuma."

"Kidogo tu."

"Siwezi, mukubwa. Pardon."

Mlinzi akamtazama, akaitazama sufuria, akaisukuma nyuma kwa kidole kimoja. Riziki akarudi nayo imejaa. Alijilaumu njia nzima kwa kutofikiria mapema, lakini hakuwa na hofu. Kesho, alijiambia, nitapeleka ndizi. Ndizi ina ganda lake, haionjwi.

Kesho yake alipeleka ndizi na mkate uliofungwa dukani. Kabamba alikuwa amerudi kazini. Akaingia ndani na kikapu, akakaa kitambo, akatoka nacho vile vile.

"Anasema hapana."

"Hapana nini?"

"Hapana ndizi, hapana mukate, hapana weye. Anasema usirudie tena."

Riziki alisimama pale mlangoni akiwa na kikapu mikononi. Alifikiri amesikia vibaya. Alimwomba Kabamba arudi kuuliza tena, na Kabamba, ambaye siku nyingine angemtania, akatikisa kichwa tu na kuangalia pembeni.

Siku zilizofuata hakujielewa. Amefanya kosa gani? Labda Stani amepata mwanamke mwingine anayemletea chakula kitamu kuliko chake. Labda amechoka kupenda binti wa mtu aliyemfunga. Labda ni mgonjwa na hataki aonekane. Kila jibu alilolipata halikulingana na lile la kabla yake. Dukani alikata kitambaa cha mteja vibaya, mzee Ismaeli akamuuliza kama njaa ya saumu imempanda kichwani. Riziki akaitikia ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Mwishowe simu ikalia kwa namba asiyoijua. Alijua ni Stani kabla hajasema neno, kwa ile pumzi yake.

"Stani? Chéri, juu ya nini unanikatala? Nilikufanyia nini?"

Ikaja sauti ya Stani, kavu, sauti ambayo hakuwahi kuisikia.

"Ambia papa yako, niko muzima bado."

Simu ikakatika. Riziki aliibonyeza ile namba tena na tena, ikaita bila kupokewa. Papa yake ana nini na uzima wa Stani? Alilirudia lile neno akiosha vyombo, akitawadha, akipanga vitambaa. Hakuambulia kitu, na moyo ulimuuma kwelikweli.

Akaenda gerezani bila sufuria. Nje ya mlango, kwenye gogo wanapoketi wenye kungoja, alikuwepo mwanamke mnene aliyevaa liputa la kanisa lenye sura ya Bikira Maria, ameshika magotini bakuli la sombe ya majani ya muhogo. Alikuwa na meno yale yale ya Stani. Huyu bila shaka ni dada yake mkubwa, Ndaya, ambaye Stani alimtaja mara nyingi.

"Jambo yako, yaya," Riziki akasema, akakunja magoti kidogo kwa heshima, kama kwa dada mkubwa.

Ndaya akamtazama kuanzia kilemba hadi viatu.

"Weye njo ule Bibiche? Minyi nina bacousine bengi, lakini hakuna muntu wa jina ile. Weye uko mutoto ya Ismaeli."

"Njo minyi. Yaya, nakuomba, uniambie. Stani ananikatala juu ya nini?"

"Unauliza? Ulileta chakula, banakuambia onja, unakatala. Muntu anakatalaka kuonja chakula yake mwenyewe juu ya nini? Papa yako alimutia ndani, sasa anataka amumalize. Ile ile juma mufungwa moja alitapika mpaka banamubeba ku hospitali. Minyi njo nilimuambia Stani: usile tena kitu ya ile nyumba, ata maji."

Riziki akaketi chini pale pale penye tope jekundu, na liputa lake safi. Kila kitu kikajipanga kichwani mwake kwa mara moja, na alitamani kisingejipanga hivyo.

"Yaya, nilikuwa nimefunga."

"Umefunga nini?"

"Ramadani. Ilianza ile siku. Ningesema, bangejua minyi si Bibiche."

Ndaya akatazama bakuli lake la sombe kana kwamba lina jibu. Yeye mwenyewe alikuwa katika Kwaresima, na nyama hakuigusa tangu Jumatano ya Majivu.

"Vidye wangu, Mungu wangu," akasema polepole. "Carême yenu ni ya kukatala ata kuonja?"

"Ata maji, yaya."

"Rudi kesho na chakula. Minyi nitamuvuta inje kwa sikio."

Kesho yake Riziki hakufunga kilemba. Alijitanda mtandio wake wa samawati, akapika bukari, samaki na mboga ya lengalenga, akaenda mchana mbele ya macho ya watu wote wa barabara ile.

"Jina?" Kabamba akauliza, ingawa alimjua vizuri.

"Riziki. Mutoto ya mzee Ismaeli wa ku soko."

Wanawake waliokuwa wakingoja wakageuka. Mmoja alishatoa simu.

"Na Bibiche?"

"Bibiche ilikuwa bongo, mukubwa, nilidanganya. Unisamehe."

"Si leo siku ya ndugu tu? Ndugu yako nani humu?"

"Ni wangu ule," Ndaya akasema kutoka uani. "Acha apite."

Stani alisimama nyuma ya dada yake, mikono imefungwa kifuani. Alikuwa amekonda zaidi.

"Nani alikutuma?" Stani akauliza.

"Hakuna muntu. Yaya amekuambia?"

"Ameniambia. Mule ndani siku zote ziko sura moja, Riziki. Sikujua kama mwezi umeandama."

"Na si ungeuliza? Simu ulikuwa nayo mu mukono. Unaniambia niambie papa yangu uko muzima. Stani, weye uliwaza minyi naweza kukuua?"

Stani akainamisha kichwa. "Nilikuwa na woga. Papa yako aliniweka huku, na chakula inatoka mu nyumba yake. Usiku na mchana niliwaza. Mara moja nasema Riziki hawezi, mara moja nasema kwa nini alikatala. Nilichoka na kuwaza."

"Minyi pia nilichoka," Riziki akasema, na machozi yakamtoka. Alikuwa na hasira naye, na alikuwa anampenda, na hakujua lipi litangulie.

Kabamba akakohoa.

"Mapendo ni yenu, sheria ni yangu. Hiyo chakula mutu hajaionja. Mama Riziki, onja kwanza."

Uani wafungwa waliacha kucheza karata. Riziki akaweka sufuria kwenye benchi, akafunua, mvuke ukapanda. Hajawahi kuvunja saumu kwa makusudi maishani mwake. Siku hulipwa, akajiambia, Mungu anauona mlango huu na anaiona sheria yake. Lakini tonge lilipofika karibu na midomo mkono ulitetemeka, na kila mtu aliuona unavyotetemeka, na alijua vizuri mkono unaotetemeka pale utafikiriwa nini.

Stani akamshika kifundo cha mkono. Akauvuta kwake, akala lile tonge kutoka vidoleni mwake.

"We, Nyembo," Kabamba akaanza.

"Nimeonja minyi," Stani akasema, bado anatafuna. "Nikikufa, museme nilitaka mwenyewe."

Ndaya alifanya ishara ya msalaba. Stani akaketi, akaivuta sufuria magotini, akala kama mtu aliyeshinda siku nyingi kwa bakuli moja la dada yake. Kila baada ya tonge alimtazama Riziki.

"Pardon," akasema.

"Kula."

"Pardon tena."

"Nimesikia. Haijaisha mu roho yangu, lakini nimesikia."

Hapo simu ikalia ndani ya pindo la liputa. Riziki akaitazama, akaipeleka sikioni. Kabamba akageukia ukuta, hakuona simu yoyote.

"Papa."

"Uko wapi?" Sauti ya mzee Ismaeli ilisikika hadi kwenye benchi.

"Ku boloko, Papa."

"Njo bananiambia ivyo hapa ku soko, nikasema banadanganya. Unafanya nini pale?"

Angeweza kusema alikuja kumsindikiza mtu. Angeweza kukata simu. Riziki alifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Nalisha bwana yangu."

"Bwana gani? Nani alikuoza?"

"Weye njo utanioza naye, Papa. Ukikatala leo, nitangoja. Mambo ya dini tutaongea. Lakini chakula yake nitaleta kila siku, na kwa jina yangu."

Upande wa pili kulikuwa na makelele ya soko tu. Kisha hata hayo yakakatika. Riziki hakujua kama jioni hiyo kungekuwa na sahani yake ya futari nyumbani, wala kama mlango ungefunguliwa. Akairudisha simu kwenye pindo polepole.

Stani alikuwa ameacha kutafuna, shavu moja limejaa.

"Riziki," akasema, "unaolewa na nani?"

"Na weye. Kula, bukari inapoa."