Bi Kizaazaa Amejiondoa

Ukumbi wa vitambulisho ulikuwa umefurika. Watu walikaa bega kwa bega kwenye mabenchi, feni inazungusha joto lile lile, na karani wa dirishani anaita majina kana kwamba kila jina limemkosea. Mpima macho alikuwa amevaa gauni la bluu lenye vifungo vya mbele, miwani ameipandisha kichwani, simu mkononi. Mara picha ikaingia: kibao cha fundi wa magurudumu, herufi Z imeng'oka, kimebaki kusema TUNAIBA MATAIRI. Alijizuia kadiri alivyoweza, lakini kicheko kikamponyoka puani.

Mtu wa pembeni yake naye alikuwa anacheka. Mwanamume mrefu, shati jeupe lenye tone la rangi nyekundu kwenye mkono, macho kwenye simu yake. Mpima macho akachungulia. Picha ilikuwa ile ile.

"Samahani kaka, uko kwenye kundi la Kicheko cha Asubuhi?"

"Niko. Kwani wewe nani?"

"Makengeza."

Mwanamume akageuka mzima mzima. "Wewe ndiye Makengeza? Nilidhani ni babu fulani mstaafu."

"Na wewe?"

"Brashi. Hicho kibao nimekituma mimi, sasa hivi. Nachora mabango, kwa hiyo makosa ya wenzangu ndiyo burudani yangu."

"Kumbe. Mimi siku zote nilidhani Brashi anasafisha vyoo."

Kundi lile lilikuwa la watu wasiojuana sura. Kila mtu alikuwa na jina la utani, na kazi yao ilikuwa moja: kuokota vichekesho huko mtandaoni na kuvileta. Sasa wawili walijuana. Walipotoka ukumbini kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake, na kabla mwezi haujaandama walikuwa wanaitana laazizi. Mchora mabango alimpigia mpima macho kila mchana akiwa juu ya ngazi. "Nichoreje neno miwani?" aliuliza siku moja. "Kama kawaida," alijibiwa, "ila usisahau herufi, wasije wakadhani tunauza mia." Walicheka kwa mambo madogo hayo, na mambo madogo hayo ndiyo yaliyowatosha.

Mwiba ulikuwa simu yake.

Kila wakikaa mahali, mchora mabango aliilaza mezani kifudifudi. Ikitetemeka, aliinuka, akasogea mlangoni, akaandika kwa vidole vya haraka huku anatabasamu. Hakuwahi kusikika akiongea na huyo aliyemwandikia. Ilikuwa kuandikiana tu. Siku moja skrini iliwaka kabla hajaiwahi, na mpima macho akaona picha ya kasuku aliyevaa kofia. Kasuku yule alimjua. Kila mtu kundini alimjua. Ilikuwa picha ya Bi Kizaazaa, mwenye ulimi mkali kuliko wote, ambaye akileta video ya mbuzi juu ya paa, maneno yake chini ya video yanachekesha kuliko mbuzi mwenyewe.

"Unaandikiana na Bi Kizaazaa pembeni?" aliuliza.

"Vichekesho tu, mpenzi."

"Vichekesho si vinatumwa kundini?"

"Vingine havifai kundini," alijibu, na akaagiza chai nyingine ambayo hakuinywa.

Dada yake mpima macho alikuwa msusi, na aliposikia hayo hakuacha hata kusuka. "Mdogo wangu, mwanamume anayelaza simu kifudifudi ana mtu amelala ndani yake. Fungua macho. Kazi yako si kupima ya wenzako tu."

Neno hilo likamkaa. Akaanza kusoma kila alichoandika Bi Kizaazaa, si kwa kucheka tena bali kwa kuchambua, kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Akayakuta. Jumatatu alimsimulia mpenzi wake jinsi kisigino cha kiatu chake cha njano kilivyokatika mbele ya mteja, Jumanne Bi Kizaazaa akaleta picha ya bata amevaa viatu vya njano, akaandika: "Dada zangu, visigino vina wivu." Watu wakacheka. Mpima macho hakucheka. Angeweza kusema ni bahati tu, lakini moyo ukishaingiwa na shaka hauamini bahati.

Akaamua kutega. Jioni moja, wakitembea kuelekea kituoni, alijibanza begani kwa mwenzake na kusema kwa sauti ya siri, "Nikiwa mdogo nilifukuzwa na bata mzinga mpaka nikapanda juu ya gari la watu. Hata dada yangu hajui. Usimwambie mtu."

"Nani nimwambie?" alijibu, akambusu kwenye paji la uso.

Lilikuwa neno la kutunga. Hakuwahi kufukuzwa na bata maishani mwake.

Asubuhi, akiwa anafuta vioo vya kabati la fremu, simu ililia. Bi Kizaazaa alikuwa ameleta video: bata mzinga anamkimbiza mlinzi kuzunguka gari. Chini ameandika: "Usicheke. Wengine walishapanda juu ya gari."

Mpima macho alitupa kitambaa. Aliandika bila kuketi: "Bi Kizaazaa, huyo anayekuletea mambo yangu ni mwanamume wangu. Tafuta wako, kama yupo atakayekutaka."

Ujumbe ukaenda. Kisha mmoja akaweka uso unaocheka, na wa pili, na wa tatu. Walidhani ni mzaha. Halafu ukatokea ule mstari mdogo wa kijivu: Bi Kizaazaa amejiondoa.

Mchora mabango alipiga saa hiyo hiyo.

"Umefanya nini?"

"Umejuaje haraka hivyo? Amekulilia?"

"Yule si mtu unayemdhania."

"Basi niambie ni nani."

 Mpima macho alisikia magari yakipita chini ya ngazi ya mchora mabango. "Siwezi. Niliahidi."

"Ulimwahidi nani?"

"Yeye mwenyewe."

"Mimi uliniahidi pia, jana tu, na hukufika hata asubuhi. Ahadi zako zinachagua mtu wa kukaa naye. Usinipigie tena."

Akakata. Alipopiga tena hakupokea. Nyumbani dada yake alimpa pole, na ndani ya pole ile mlikuwa na "nilikwambia". Kundini watu waliendelea kuleta vichekesho, lakini vilikuwa kama chai iliyosahauliwa sukari. Mpima macho alijikuta anafungua simu kutazama kama kasuku amerudi, akajikasirikia kwa hilo.

Wiki iliyofuata, duka likiwa halina watu, aliingia mama mmoja wa makamo, amevaa gauni la kijani lililopigwa pasi na skafu ya hariri iliyozunguka shingo yote. Alisalimia kwa kichwa, akaonyesha macho yake, kisha kiti.

"Karibu mama. Unasoma kwa shida?"

Mama alitikisa kichwa kukubali, akagusa koo lake na kupunga mkono: sauti hakuna. Akatoa simu kuonyesha kwamba ataandika. Mpima macho alimkalisha mbele ya ubao wa herufi, akamfunika jicho la kushoto, akaelekeza fimbo kwenye mstari wa juu. Mama akaandika, akageuza simu aone.

"Hiyo ni E, au kitana kilichong'oka meno."

Fimbo ikasimama hewani. Akaelekeza ya pili, mkono mzito.

"O. Imeshiba kuliko mwenye duka."

Hakukuwa na mwingine duniani anayeandika hivyo. Mpima macho alishusha fimbo, akavuta kigoda, akaketi.

"Wewe ndiye Bi Kizaazaa."

Mama akatikisa kichwa kukubali, akaandika kwa muda mrefu. "Na mama yake Brashi. Nilikuwa nanadi nguo sokoni, sauti yangu ilifika mtaa wa pili. Uvimbe ukaja, koo likakatwa, sauti ikaenda. Watu wote wananisemesha kama mtoto mgonjwa. Kule kundini nilikuwa mzima. Nilimwapisha mwanangu asimwambie yeyote, hata wewe."

"Mama, nisamehe. Yale maneno niliyoandika—"

Mama aliinua kidole. "Uliuliza kama yupo atakayenitaka. Alikuwepo, akafa. Hilo limeuma, sitakudanganya. Lakini na mimi nilimkamua mwanangu kama chungwa, kila siku nataka habari zako. Nilitaka kukujua. Bata alikuwa kosa langu."

"Bata alikuwa uongo wangu," alisema mpima macho.

Mama alimtazama, na mabega yakaanza kutikisika. Kicheko chake hakikuwa na sauti, kilikuwa pumzi tu, lakini kilimtoa machozi. Mpima macho akacheka na kulia naye. Kisha akampima hadi mwisho, macho yote mawili, akamchagulia fremu nyekundu.

Mama alipoondoka, mpima macho aliandika kundini: "Nilimtukana Bi Kizaazaa kwa wivu wa bure. Kosa ni langu, namwomba arudi." Halafu akapiga simu.

Mchora mabango alikuja na ovaroli yake, rangi mpaka nyusi. Alisimama mlangoni asijue aingie au la.

"Mama yako alikuwa hapa," alisema mpima macho.

"Ameniambia."

"Anakwambia kila kitu, nawe unamwambia kila kitu. Nimemwomba radhi na nimemaanisha. Lakini nikikupa neno langu la siri, liwe langu na lako. Sitaki kulala nikijiuliza nani mwingine amelisikia."

"Una haki." Alivua kofia. "Nilimwona anacheka, nikasahau kwamba yale mambo si yangu. Nisamehe."

"Na kuna kingine unachonificha?"

Alisita, na moyo wa mpima macho ukaanza tena safari yake ya zamani.

"Kipo kimoja. Hata mama hajui."

"Sema."

"Nataka kukuoa. Wewe ndiye wa kwanza kulisikia."

Mpima macho alimtazama kwa makini, kama anavyotazama jicho la mteja chini ya taa, akitafuta doa. Hakuliona.

"Usimwambie bado," alisema. "Ngoja kwanza nifunge duka."

Alifunga kabati, akazima taa, akashusha shata la mlango. Alimpa jibu barabarani, kwa sauti ndogo, na mchora mabango hakuigusa simu yake njia nzima. Mama alikuwa wa pili kujua kwamba kuna harusi.