Funga Mlango, Chiriku!

Kila jioni, akishavua sare za shule, Chiriku alikimbilia ukumbi wa mazoezi wa shangazi yake kupanga mikeka na kufua taulo. Jina hilo alipewa na shangazi mwenyewe, maana mdomo wake haukujua kupumzika.

Siku ya wazazi ilikaribia. Shangazi aliahidi kwamba mtoto mmoja kati ya wanaofanya mazoezi pale ukumbini atapanda naye jukwaani kuonyesha zoezi la chuma, kile cha duara chenye mpini, utadhani birika lisilo na mdomo. Chiriku aliitamani nafasi hiyo hadi akaiota.

"Shangazi, tazama!" Akainama, mgongo umepinda, akakivuta chuma kilicho kidogo kuliko vyote kwa nguvu zote za mikono. Kikapanda. Wenzake wakamshangilia.

"Weka chini, mwanangu. Ukikivuta hivyo utaumia mgongo. Nguvu itoke kwenye nyonga na miguu. La sivyo, jukwaani hupandi."

"Lakini kimepanda!"

"Kimepanda, ndiyo. Kesho mgongo utakulilia."

Loo! Chiriku alinuna, machozi yakimlengalenga. Akabeba beseni la taulo kwenda kuanika. Alipotoka mikono yote ilikuwa imejaa, basi akausukuma mlango nyuma yake kwa makalio ili ufungike. Pa!

Shangazi, aliyekuwa akimtazama dirishani, akapiga kelele. "Hapo hapo! Usitikisike! Umefanya nini?"

"Nimefunga mlango tu!"

"Kwa kutumia nini?"

"Kwa... makalio," Chiriku akanong'ona. Wenzake wakaangua kicheko.

"Basi ndilo zoezi lenyewe! Mgongo umenyooka, magoti yamelegea kidogo, makalio yamerudi nyuma. Sasa kaza tumbo, simama wima upesi!"

Jioni nzima Chiriku alifunga milango isiyokuwepo, mikono mitupu, ndipo akapewa chuma. Safari hii kilipaa hadi juu ya kichwa, chepesi mpaka akacheka mwenyewe.

Siku ya wazazi ilipofika, alisimama jukwaani na shangazi yake. "Funga mlango, Chiriku!" wenzake wakapaza sauti. Chuma kikapaa, kikatulia juu. Baba yake alipiga makofi hadi kofia ikamdondoka.

Shangazi akamkumbatia. "Nguvu ulikuwa nazo tangu mwanzo, mwanangu. Leo umeshangiliwa kwa sababu ulikubali kuanza upya na kufanya sawasawa. Hivyo ndivyo mwili unavyolindwa."

"Kwa hiyo kesho nibebe kile kikubwa?"

"Kesho unaanika taulo," shangazi akacheka. "Na mlango uufunge vizuri."