Pambo Mgongoni

Namsifu anaishi na Bibi yake kule milima ya Upare. Asubuhi kuna ukungu, na baridi ya kuvaa sweta.

Siku moja jirani yao, Mama Elisifa, alimpa Namsifu kitawi cha mmea wa kutambaa. Majani yake yalikuwa ya kijani. Ukingoni yalikuwa meupe, kama yamechovywa kwenye uji!

"Weka karibu na ukuta," alisema Mama Elisifa. "Mmea utaushika ukuta, utapanda mpaka dirishani."

"Dirisha langu?"

"Dirisha lako."

Namsifu alitia udongo kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Akapanda kitawi chake. Akakipa jina: Pambo.

Lakini Pambo alikuwa mzuri mno, ataachwaje peke yake? Namsifu alimfunga mgongoni kwa kanga, kama mtoto mchanga.

"Haya, Pambo, nishike! Twende tukatembee!"

Doko, doko, doko! Kopo likarukaruka mgongoni.

Asubuhi waliwatembelea kuku. Mchana walikwenda bombani. Jioni walikaa jikoni na Bibi, moshi ukawaingia machoni.

Kesho yake, tena.

"Haya, Pambo, nishike! Twende tukatembee!"

Doko, doko, doko!

Siku zikapita. Pambo hakushika ukuta. Majani yake yakalegea. Moja likadondoka.

Namsifu akalia. "Bibi, Pambo anakufa!"

Bibi akavaa miwani. Akatazama kopo. Akatazama kanga. Akacheka mpaka miwani ikateleza puani.

"Mjukuu wangu, huyu mara yuko kwa kuku, mara yuko bombani. Ukuta ataushika saa ngapi?"

Namsifu akafuta machozi. "Nimweke chini?"

"Mweke."

"Na nisimbebe?"

"Usimbebe."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo!"

Wakampanda Pambo ardhini, chini ya dirisha la Namsifu.

Ilikuwa kazi ngumu, jamani! Kila asubuhi Namsifu alimmwagilia maji, chururu, chururu. Kisha akaficha mikono nyuma, isije ikambeba.

Mvua ikanyesha. Ta, ta, ta! Jua likatoka. Jani jipya likachungulia, dogo kama ukucha. Halafu jingine. Halafu jingine!

Jioni moja Namsifu alikigusa kitawi. Akakivuta kidogo, kidogo tu.

Hakikutoka! Vijizizi vidogo vilikuwa vimeng'ang'ania ukuta.

"Bibi! Ameshika! Pambo ameshika!"

Bibi akaja mbio, mwiko mkononi. Wakacheza palepale chini ya dirisha, mpaka kuku wakakimbia.

Muda wa kulala ulipofika, Namsifu alikuwa hoi. Miguu haitaki kutembea, macho yanajifumba.

Bibi akachukua kanga ileile. Akamfunga Namsifu mgongoni.

"Haya, Namsifu, nishike! Twende tukalale."

Nje, Pambo aliushika ukuta wake. Ndani, Namsifu alimshika Bibi yake, wala hakumwachia mpaka kitandani.